Semina ya siku tatu haimlei kiongozi wa kanisa: tuzungumze mafunzo yanayomfikia mwinjilisti, katekista na mzee wa kanisa

Mwinjilisti wa Mtaani (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki mlio humu.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Mimi ni mwinjilisti huku nyanda za juu kusini, mwaka wa 14 sasa. Kanisa langu sitalitaja, kwa sababu ninayoyasema hayahusu kanisa moja. Mtaa wangu, yaani tawi la usharika huku kijijini, uko kama kilomita 30 kutoka usharikani, na masika barabara inakataa hata bodaboda. Mchungaji anafika mara moja kwa mwezi kwa Chakula cha Bwana na ubatizo. Jumapili zilizobaki, misiba, wagonjwa, watoto wa kipaimara na ndoa zinazotetereka viko mikononi mwangu na mwa wazee wa kanisa saba. Wanne kati yao ni akina mama.

Miaka sita iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alijiua. Alikuwa kwaya, sauti ya tatu. Tulifika msibani asubuhi, baba mzazi akanivuta pembeni akaniuliza neno moja tu: "Mwinjilisti, mtamzika au hamtamzika?" Wazee wote wakanitazama. Nilipanda kilimani kutafuta mtandao nimpigie mchungaji, simu haikupatikana. Nikashuka, nikaamua tumzike kwa maombi mafupi, bila kengele, maana nilikuwa nimewahi kusikia kwamba mtu wa namna hiyo hapigiwi kengele. Tulipomaliza, mama yake alinishika mkono, hakulia, akasema: "Mbona kengele haikulia?"

Sikuwa na jibu. Na nyumbani, kwenye bahasha, nilikuwa na vyeti vinne vya semina za uongozi. Kimoja kinasomeka "Uongozi Wenye Maono". Siku tatu, soda, kalamu, fulana, picha ya pamoja. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mtu alikuwa amekaa nami akaniuliza: ukikuta msiba wa hivi utafanyaje, utasema nini na mama wa marehemu, na kwa nini?

Ndiyo maana nimeandika. Nafasi za masomo kwa viongozi wa kanisa zipo, nyingi kuliko zamani, ila karibu zote zinamtafuta mtu anayeweza kuacha nyumba yake miaka mitatu, au zinamtafuta kwa siku tatu. Katikati hapo, anaposimama mwinjilisti, katekista, mzee wa kanisa na kiongozi wa jumuiya, hakuna kitu.

Na haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kanisa la pande zetu lililelewa na wenyeji waliofundishwa kwa bidii. Kule Kiungani, Unguja, watoto waliokombolewa utumwani walisomeshwa wakawa walimu na watumishi: John Swedi akafanywa shemasi mwaka 1879, Cecil Majaliwa akatumwa Chitangali kwa Wayao, mbali na askofu wake, akalichunga kanisa, na mwaka 1890 akawa kasisi. Mombasa, pale Freretown walipokaa watu waliotolewa utumwani, chuo cha kufundisha watumishi kilianza mwaka 1903. Kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St Paul's. Huku kwetu wamisionari Wajerumani walifukuzwa Tanganyika mwaka 1920, na vita ya pili ilipoanza wakakamatwa tena. Mara zote mbili makanisa waliyoyaacha yalibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti. Wazee wetu wanakumbuka. Hakuna aliyewauliza wana shahada gani, ila walikuwa wamefundishwa kwa miaka, bega kwa bega na mtu.

Baadaye tukajenga vyuo. Lwandai kule Mlalo, Usambara, walianza mwaka 1947, wakahamia Makumira mwaka 1954. Mukono, Uganda, chuo cha Bishop Tucker cha mwaka 1913 kikawa chuo kikuu mwaka 1997. Mbeya tuna TEKU chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji, Dodoma kuna St John's. Namshukuru Mungu kwa kila kimoja, na mchungaji wangu ni zao la chuo cha namna hiyo, mtu msomi na mnyenyekevu. Lakini kila chuo kilipopanda daraja, sifa za kuingia nazo zikapanda, ada ikapanda, na lugha ikawa Kiingereza. Mzee wa kanisa wa darasa la saba, anayeongoza ibada Jumapili mbili kwa mwezi, akabaki chini ya ngazi anaangalia juu.

Sasa niseme tunachofanya sisi, maana sikuja kulalamika tu.

Kuna kitu kinaitwa Elimu ya Theolojia kwa Enezi, wengine mnaijua kwa kifupi ETE. Ilianza Guatemala mwaka 1963. Seminari ya Wapresbiteri kule iliona kwamba wanafunzi wanaotoka vijijini wakishaonja mji hawarudi, na wale wanaoongoza makanisa kweli kweli ni wakulima na wafanyabiashara wenye familia ambao hawawezi kuhama. Wakageuza: mwanafunzi abaki kwake, chuo kimfuate. Anasoma nyumbani kidogo kidogo kila siku, mara moja kwa wiki anakutana na wenzake na mwalimu kujadili alichosoma na alichofanya. Ikaenea dunia nzima, ikafika hadi kwetu. Miaka fulani ilishika moto, baadaye sehemu nyingi ikazimika, vitabu vikabaki kabatini usharikani vinaliwa na mende.

Mchungaji wangu alivitoa kabatini. Tuko tisa. Tunakutana Jumatano saa kumi jioni, kwa muda usiofika saa mbili, chini ya mti kama hakuna mvua. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili tunafunga, watu wanapanda mahindi. Hakuna posho. Chai kila mtu anakunywa kwake.

Niwape Jumatano moja mwone. Somo lilikuwa kuandaa hubiri, Luka 15, mwana mpotevu. Wote tisa tumelihubiri hilo mara nyingi, na wote tulikuwa tunahubiri vilevile: kijana, nguruwe, toba. Kanuni yetu ni kwamba kabla ya kusema fungu linafundisha nini, kila mtu ataje kitu kimoja anachokiona kwenye maandishi, akionyeshe na mstari wake. Zamu ikamfikia mama mmoja mzee wa kanisa, mfinyanzi wa vyungu, husoma kwa kidole. Akasema: "Baba ametoka nje mara mbili. Mstari wa 20 anamkimbilia mdogo. Mstari wa 28 anatoka tena kumsihi mkubwa." Tukanyamaza. Miaka 14 nimehubiri fungu lile sijawahi kumwona baba akitoka mara ya pili. Jumapili iliyofuata mama yule ndiye alihubiri. Baada ya ibada wanaume wawili, ndugu waliogombania shamba la marehemu baba yao, walibaki nje ya kanisa wanaongea mpaka saa nane. Sijui waliongea nini na sikuwauliza.

Somo jingine lililotusaidia ni fedha. Hili naomba viongozi walisome kwa makini. Sadaka za kijijini si noti tu. Kuna mahindi, mayai, jogoo, mkungu wa ndizi, na vyote vinauzwa kwenye mnada baada ya ibada. Zamani mnada ulikuwa unaisha kwa kelele na vicheko, anayeshika fedha anatia mfukoni "nitaandika nikifika nyumbani". Sikusema aliiba. Nasema hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba hakuiba, na hiyo ndiyo inayoua kanisa. Sasa watu watatu wasio wa ukoo mmoja wanahesabu palepale mezani, kila kitu kinaandikwa kwenye daftari, yai kwa yai, wote watatu wanasaini, na jumla inatangazwa kabla watu hawajatawanyika. Sadaka ya simu haiingii tena kwenye namba ya mtu binafsi. Mwaka wa kwanza tu tuliezeka nyumba ya mwinjilisti iliyokaa na turubai muda mrefu. Watu hawakupata hela zaidi, walipata imani na daftari.

Na ule msiba? Tulirudi kwake pia. Mchungaji alikuja Jumatano moja kwa ajili hiyo tu. Alitufundisha kanisa letu linasema nini hasa juu ya mazishi ya aliyejiua, nikagundua nililolifanya halikuwa kanuni, yalikuwa maneno ya kusikia. Tukafanya mazoezi, mmoja awe mama wa marehemu, mwingine mwinjilisti. Nililia mbele ya wenzangu. Wiki ile nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba radhi. Siku ya kumbukumbu ya mwanawe, kengele ililia.

Nataka kusikia kwenu. Makanisa yenu yanawafundishaje watu wa ngazi hii? Nini kimefaa, nini kimekufa?

---

Katekista wa Kigango

Milele amina, Mwinjilisti. Umenigusa.

Kwetu Wakatoliki padre ana vigango vingi, kwa hiyo ibada ya Jumapili bila padre ni jambo la kawaida. Mimi nilisoma chuo cha makatekista miaka miwili, nikiwa na mke wangu na mtoto mmoja mgongoni. Mke naye alikuwa na masomo yake: afya, kushona, Biblia, kulea jumuiya. Tulipewa shamba tulime tule. Ile hekima ya kumfundisha mume na mke pamoja nadhani ndiyo iliyoniweka kwenye utume mpaka leo, maana wenzangu wengi waliacha kwa sababu nyumbani hawakuelewana juu ya kazi isiyo na mshahara.

Niongeze la jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya kuwa nguzo ya uchungaji katika miaka ya sabini, mkutano wao wa 1976 ukakazia hilo. Na taasisi ya kichungaji iliyoanzia Gaba, Uganda, ikahamia Eldoret, ilisomesha wengi kwa ajili hiyo. Lakini mwenyekiti wa jumuiya anachaguliwa leo, kesho anaongoza sala nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyemwambia namna ya kuongoza mjadala wa Injili bila kuugeuza mahubiri yake mwenyewe. Hiyo kanuni yenu ya "taja unachokiona na mstari wake" naiiba leo hii. Alhamisi naijaribu.

---

Mchungaji wa Mtwapa

Bwana asifiwe sana kutoka pwani ya Kenya.

Mimi ni wa kanisa la kujitegemea, la Kipentekoste. Nilianza na watu kumi na moja chini ya mwembe, sikuwa nimesoma popote. Niliamini Roho atanifundisha yote. Nakubaliana na mengi hapa ila kuna kitu nataka kupinga kwa upendo.

Ndugu Mwinjilisti, wewe una mchungaji juu yako na kanisa lenye kanuni. Sisi wa makanisa ya kujitegemea nani yuko juu yetu? Mwaka 2023 hapa kaunti yetu ya Kilifi, msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Kutoka kwangu si mbali. Baadhi ya washirika wangu walikuwa na jamaa mle. Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akisema cheti si kitu nikanyamaza. Serikali ilijaribu mwaka 2016 kuleta kanuni za kumtaka mhubiri awe na cheti cha theolojia, makanisa tukapiga kelele, zikaondolewa. Mimi mwenyewe nilipiga kelele. Leo naona aibu.

Nilijiandikisha chuo cha Biblia nikiwa na miaka 46, masomo ya jioni, nikimaliza kazi ya fundi umeme. Karo nililipa kidogo kidogo. Kitu cha kwanza mwalimu alichoniuliza: "Ukikosea, nani anakwambia?" Nilikaa kimya darasa zima likinitazama. Kwa hiyo ndiyo, Jumatano chini ya mti ni nzuri, lakini mtu kama mimi alihitaji kuketi mbele ya watu wasiomwogopa.

---

Mwinjilisti wa Mtaani

Mchungaji, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Uko sahihi, na mimi sikulifikiria hilo vya kutosha. Kwetu kukosea kwangu kuna mahali pa kupelekwa. Kwenu inabidi mpajenge. Ila hebu tutenganishe vitu viwili. Cheti kinasema mtu alisoma. Swali la mwalimu wako linasema mtu yuko chini ya macho ya wengine. Mhubiri anaweza kuwa na shahada na akawa peke yake vilevile. Je, huko pwani hamwezi wachungaji watano au sita wa makanisa tofauti kukutana kila wiki mbili, mmoja anasoma hubiri lake na wengine wanamuuliza mistari? Hicho nacho ni chuo.

---

Mchungaji wa Mtwapa

Tuko wanne tayari. Wa tano ni mgumu, anasema ratiba. Nitambana.

---

Kutoka Kigali

Habari za jioni. Huku Rwanda mjadala huu ulishaamuliwa na sheria. Mwaka 2018 makanisa mamia yalifungwa hapa Kigali kwa sababu za majengo na usalama, na mwaka huohuo sheria ikataka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, ikatoa miaka 5. Muda ulipokwisha ukaguzi ukarudi, na mwaka 2024 nyumba za ibada kwa maelfu zikafungwa.

Nimeona pande zote mbili. Nimeona matapeli wakiondoka, nikashukuru. Nimeona pia mzee wa miaka 60, mtu wa uamsho, aliyepatanisha majirani baada ya mauaji ya 1994 kwa mikono yake mwenyewe, akikaa nyuma kwenye benchi kwa sababu hana karatasi. Kijana aliyechukua nafasi yake ana karatasi na humwendea mzee jioni kumuuliza la kufanya. Wenye vyuo wangefikiri namna ya kupima kile ambacho mzee yule anakijua, wampe njia fupi ya kufikia cheti, ingekuwa haki.

---

Kijana wa Mbezi

Shalom watumishi. Mimi ni katibu wa vijana usharikani kwetu, nina shahada ya uhasibu. Nimetumiwa tangazo la chuo cha theolojia cha mtandaoni: udaktari kwa miezi sita, unalipa kwa simu, unavaa joho. Wachungaji wawili ninaowajua wameshajiunga. Nauliza kwa nia njema, niende?

---

Mwinjilisti wa Mtaani

Mwanangu, usiende. Nakwambia kama mtu aliyeungua. Mimi nililipa shilingi 350,000, hela ya mbegu na mbolea, kwa watu walioahidi stashahada. Walinitumia vitabu viwili vya kurasa chache, mtihani nikaujibu kwa simu usiku mmoja, cheti kikaja kama picha. Nilipokipeleka usharikani mchungaji aliniuliza kwa upole kimesajiliwa wapi. Sikujua. Mke wangu hakunisema hata neno, na hilo liliniuma kuliko angenisema.

Kabla hujatoa hata senti: chuo kikikupa shahada Tanzania, jina lake liwe kwenye orodha ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kikikupa cheti au stashahada, ulizia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi. Kenya, shahada ziko chini ya CUE, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu. Chuo cha Biblia kidogo cha kanisa kinaweza kisiwe kwenye orodha hizo na bado kikakufundisha vizuri, lakini basi kisikuahidi shahada. Uliza pia nani anafundisha kwa jina na uso, na kama kuna kazi ya vitendo inayosimamiwa. Chuo kinachokupa joho kabla hakijakusikia ukihubiri hakikutaki wewe.

Na zaidi ya hapo, wewe ni mhasibu! Mitaa mingapi ya usharika wenu haina mtu wa kuwafundisha wahazini kutunza daftari la mapato na matumizi? Anza na hilo Jumamosi moja. Theolojia isome pia, polepole, utaifika.

---

Mama wa Kwaya ya Uinjilisti

Bwana asifiwe. Nimesubiri mwanamke aandike, naona niandike mimi.

KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, walianza kuwabariki wachungaji wanawake mwaka 1991, na makanisa mengine yamefuata au yanafikiri. Ni vizuri. Lakini huku chini, nafasi ya masomo ikitokea, barua inasomwa kanisani mara moja, tarehe ni wiki ijayo, mahali ni mkoa mwingine, siku tano. Nani ataenda? Mwanaume asiye na mtoto wa kunyonya. Kisha tunaambiwa wanawake hawajitokezi.

Kwenye Matendo ya Mitume 18, Apolo alikuwa msemaji hodari, lakini kuna kitu hakukijua sawasawa. Waliomchukua wakamweleza vizuri zaidi ni Prisila na Akila, mke na mume mafundi wa mahema, kwao. Yaani mhubiri mkubwa alisomeshwa na mama wa kazi ya mikono. Kwa hiyo huyo mama yenu mfinyanzi msimwite kwa heshima tu, mpeni kundi alifundishe.

Swali langu: kwetu wazee wawili wa kanisa hawajui kusoma kabisa. Mmoja ndiye anayeaminiwa kuliko wote, watu wakigombana wanamwita yeye. Tunamwingizaje kwenye kundi la vitabu bila kumwaibisha?

---

Mwinjilisti wa Mtaani

Mama, asante. La kumpa kundi alifundishe nimelipokea, Jumatano hii nalipeleka kwa wenzangu.

Kuhusu wasiosoma, tulikuwa naye mmoja. Tulichofanya: fungu linasomwa kwa sauti mara tatu na watu watatu tofauti, pole pole, kabla mtu yeyote hajafungua daftari. Baada ya hapo yeye ndiye anayeombwa kwanza kulisimulia tena kwa maneno yake, sisi tunafuatilia kwenye Biblia kama ameacha kitu. Alikuwa haachi. Sisi tunaosoma ndio tulikuwa tunaruka mistari. Nyumbani mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa anamsomea somo la wiki usiku, na sasa mjukuu anakuja naye, anakaa nyuma na kusikiliza. Mambo ya fedha alihesabu kwa kokoto mezani, na hesabu yake ilipopishana na ya daftari, daftari ndilo lililokuwa na kosa.

Walioniandikia pembeni kuomba namna ya kuanza: zungumzeni na mchungaji au paroko kwanza, msianze kwa siri, itaonekana mnajitenga. Muulizeni kama usharika au parokia ina vitabu vya enezi kabatini. Watu sita mpaka kumi wanatosha. Itifaki ya Biblia, kile kitabu cha kutafutia mistari kwa neno, moja kwa kundi zima inatosha, mnaachiana kwa zamu. Chagueni siku ambayo hakuna gulio.

Kikao cha kwanza kila mtu aje na daftari, kalamu, na hubiri alilohubiri Jumapili iliyopita, liwe limeandikwa au liko kichwani. Anayeanza kulisoma mbele ya wenzake awe yule aliyeitisha kundi.

---

Katekista wa Kigango

Nimerudi kutoa taarifa. Alhamisi tulikuwa kumi na wawili. Nimeanza mimi.